Chimba Shimo la Kupimia Kabla ya Kupanda Mkorosho



Shamba ulilo nalo hukulichagua wewe. Kama uko katika skimu ya Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, au Hongwe, au Hindi, au Magogoni, au Witu, basi wewe au mzazi wako alipewa namba, akaonyeshwa vigingi vya mpaka, akaambiwa, "Hapa ndipo pako." Kama ndani ya vigingi hivyo mlikuwa na mwinuko wa mchanga mzuri, hiyo ilikuwa bahati. Kama mlikuwa na bonde linalotuama maji, hilo nalo likawa fungu lenu.

Lakini liko jambo moja ambalo hukuamuliwa na mtu. Ndani ya mipaka hiyo, ni wewe unayesema mti gani utasimama wapi. Watu wengi hulifanya jambo hili kwa haraka sana, asubuhi moja tu, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha na miche ikiwa imefika. Hunyosha kamba kutoka mpaka huu hadi mpaka ule, wakapanda shamba zima kwa mstari, kana kwamba udongo wote ni mmoja. Udongo si mmoja. Katika ekari chache tu waweza kuwa na namna tatu za udongo, na mmoja kati ya hizo ukawa adui wa mti unaoupanda.

Mahindi ukiyapanda mahali pabaya, umepoteza msimu mmoja. Utalia, kisha utajaribu tena. Mkorosho ukiuweka mahali pabaya, hutajua leo wala kesho. Utaota vizuri, utapalilia mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, nao utakuwa na majani mazuri ya kupendeza. Halafu mizizi itafika chini mahali isipoweza kupita, na mti utaanza kunyauka kutoka juu, wakati ule ule ulipokuwa ukitazamia korosho za kulipia karo. Miaka hiyo hairudi. Lakini mkorosho uliowekwa mahali pake utazaa kwa miaka thelathini na zaidi, na watoto wako watauokota chini yake.

MKOROSHO UNATAKA NINI?

Mkorosho si mti wa asili ya kwetu. Kwao ni kaskazini-mashariki ya Brazil, nao uliletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno katika karne ya 16. Kule kwao huota kwenye nchi ya mchanga karibu na bahari, yenye jua kali, yenye majira ya mvua na kisha miezi kadhaa ya ukavu. Ukikumbuka hayo, umekwisha kujua nusu ya mambo yote ninayotaka kukuambia.

Mkorosho hutuma mzizi mkuu chini kabisa, na mizizi mingine huenda mbali pande zote, mbali kuliko kivuli cha matawi yake. Kwa mizizi hiyo hutafuta maji wakati wa kiangazi, ndiyo maana hata mchanga ambao mahindi hukauka, mkorosho husimama mbichi. Basi mahitaji yake ni manne:

Kwanza, udongo wenye kina, usiokuwa na mwamba wala tabaka gumu karibu.

Pili, udongo unaopitisha maji. Mkorosho huvumilia ukavu, lakini hauvumilii mizizi yake kukaa majini.

Tatu, maji ya chini yasiyo na chumvi.

Nne, jua la kutosha pande zote, na hewa inayopita.

Kwa habari ya mvua, mjini Amu hunyesha kwa kadiri ya milimita 900 kwa mwaka, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua kubwa kuliko yote. Kiasi hicho chatosha mkorosho. Kadiri uendavyo kaskazini kuelekea Kiunga, mvua hupungua, na mkulima wa huko hapana budi achague udongo kwa uangalifu zaidi, maana mti utategemea kile kilichohifadhiwa chini.

TEMBEA SHAMBANI WAKATI WA MASIKA

Kazi ya kwanza haitaki jembe. Yataka miguu na vijiti ishirini hivi. Mwezi wa Mei, siku moja baada ya mvua kubwa, tembea shamba lako lote kutoka mpaka hadi mpaka. Kila mahali ambapo maji yamesimama, chomeka kijiti. Rudi siku ya pili, na rudi tena siku ya tatu. Mahali ambapo maji bado yapo siku ya tatu, usipande mkorosho hapo, hata kama wakati wa kiangazi hapo ndipo penye nyasi nzuri kuliko pote.

Tazama pia mimea iliyoota yenyewe, maana mimea husema kweli. Ukiona matete au mikindu, jua kwamba ardhi hiyo ina maji karibu. Ukiona ndago nyingi zimesongamana, chunguza. Mara nyingi ni mahali pa unyevu. Ukiona ardhi iliyo tupu, yenye ukoko mweupe juu wakati wa kiangazi, huo huenda ukawa ni chumvi. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, angalia kama ardhi imepasuka nyufa ambazo mkono waweza kuingia. Hizo ni alama za udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu huvimba ukinywa maji, na hunywea ukikauka, na katika kunywea kwake hukata mizizi midogo ya mti.

SHIMO LA KUPIMIA

Sasa chukua jembe na sururu. Kila mahali unapopadhania kuwa panafaa, chimba shimo moja la kupimia. Upana wake uwe wa mtu kusimama ndani na kuinama, na kina chake kiwe futi 5, yaani meta moja na nusu. Najua ni kazi. Lakini mashimo matatu au manne ni kazi ya siku mbili, na siku mbili ni kitu gani mbele ya miaka thelathini? Yafunike kwa miti na matawi, au uyazungushie ua, watoto na mifugo wasije wakatumbukia.

Ukiwa ndani ya shimo, soma ukuta wake kama vile mtoto asomavyo ubao shuleni, kutoka juu kwenda chini.

Rangi. Udongo mwekundu au wa kahawia, wa rangi moja mpaka chini, ni dalili kwamba maji hupita na hewa huingia. Udongo wa kijivu, wenye madoadoa ya rangi ya kutu, husema kwamba mahali hapo hujaa maji sehemu ya mwaka. Hata kama leo ni pakavu kabisa, madoadoa hayo hayasemi uongo. Kama yanaanza juu ya futi 3, pahame mahali hapo.

Ugumu. Chomachoma ukuta kwa ncha ya kisu. Kisu kikiingia sawasawa juu na chini, ni vizuri. Kikigota ghafula mahali fulani, umefika kwenye tabaka gumu au kwenye mwamba. Pima kina chake. Tabaka lililo chini ya futi 5 si neno. Lililo kwenye futi 2 litaufunga mti wako kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha mwaka jana.

Namna ya udongo. Chukua konzi ya udongo kutoka chini ya shimo, itie maji kidogo, uikande. Jaribu kuifinyanga iwe kama kamba. Ikivunjika papo hapo, ni mchanga mtupu. Ikikubali kidogo kisha ikavunjika, ni kichanga chenye mfinyanzi kidogo, nao ndio bora kwa mkorosho. Ikinyoshwa ikawa kamba ndefu, nyororo, yenye kupindika kuwa duara bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Weka mkorosho mbali nao.

Maji. Jioni, mimina ndani ya shimo madebe mawili au matatu ya maji. Asubuhi maji yakiwa yamekwisha, udongo unapitisha. Yakiwa bado yapo hata jioni ya pili, hapo patauzamisha mti wakati wa masika.

Chokaa. Hili ni la wale walio karibu na mwamba wa matumbawe. Dondoshea siki juu ya udongo wa chini. Ukitoa povu, una chokaa nyingi. Kwenye chokaa nyingi majani machanga ya miti huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kwa kuwa mti hushindwa kupata chuma kutoka udongoni.

BARA NA VISIWA

Nchi yetu ya Lamu ni bara na visiwa, na udongo wake si sawa. Visiwani, yaani Amu, Manda, Pate na vile vidogo, sehemu kubwa ni udongo mwembamba uliolala juu ya matumbawe, au mchanga wa pwani. Mwembamba huo hautoshi mzizi wa mkorosho. Lakini hata huko, kuna vishimo na mabonde ambamo udongo umekusanyika kwa kina, na shimo la kupimia ndilo litakaloyaonyesha. Bara, kwenye skimu, tuna mwinuko wa mchanga na kichanga ambao mikorosho huupenda, na katikati yake tuna mabonde ya udongo mweusi. Tofauti kati ya hivyo viwili yaweza kuwa hatua mia tu.

Habari ya maji ya chumvi nayo yataka kufahamika. Maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Vilima vya mchanga vya Shela hufanya kazi hiyo: hunywa mvua na kuihifadhi, na visima vyake vimewanywesha watu wa Amu kwa miaka mingi. Mahali ambapo maji matamu ni machache, chumvi hupanda. Kule Takwa, katika kisiwa cha Manda, mji mzima ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kugeuka vya chumvi. Ikiwa watu walihama, mti usioweza kuhama utafanya nini? Basi kama shamba lako li karibu na mkono wa bahari au mikoko, onja maji ya kisima kilicho karibu mwishoni mwa kiangazi, si katikati ya masika. Yakiwa ya chumvi wakati huo, usipande hapo.

JUA, UPEPO NA UMANDE

Mahali si udongo peke yake. Mkorosho hutoa maua yake pembezoni mwa matawi, mahali jua linapopiga. Upande uliofunikwa na mwembe mkubwa au na mkorosho mwenziwe hautazaa. Utakuwa kuni tu. Kwa hiyo acha nafasi ya futi 40, yaani meta 12, toka mti hadi mti, kila upande. Katika ekari moja itaingia miti 27. Wengi wetu tunaona 27 ni kidogo, tukapanda mara mbili yake. Baada ya miaka kumi matawi hushikana mikono, na mazao hushuka.

Tena, usipande katika shimo la bonde ambalo hewa haipiti. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Septemba, asubuhi za baridi na unyevu huleta ubwiriunga, yaani ule ukungu mweupe kama unga juu ya majani machanga na maua. Maua yakishikwa nao hukauka na kuanguka kabla ya kufunga korosho. Dawa yake ya salfa iko, nayo husaidia, lakini ni gharama ya kila mwaka. Mwinuko wenye hewa ni dawa isiyonunuliwa.

Hata hivyo, upepo mkali wa kusi unaotoka baharini moja kwa moja huchoma majani kwa chumvi na kuvunja matawi machanga. Ikiwa uko karibu na pwani, panda kwanza safu ya mivinje upande wa baharini, na mikorosho uiweke nyuma yake kwa umbali wa kutosha isipate kivuli.

UDONGO USIOFAA MKOROSHO SI WA KUTUPWA

Mtu asije akasoma makala haya akaenda kulilaani bonde lake. Ule udongo mweusi unaokataa mkorosho ndio unaoweza kukupa pamba na mahindi mazuri, kwa kuwa huhifadhi maji na una nguvu. Mchanga wa karibu na pwani, wenye maji matamu yanayopita chini yake, ni wa mnazi. Mahali penye kina na udongo mzuri kuliko kote, fikiri pia juu ya mwembe. Na kwenye mchanga hafifu ambao mazao mengine hayaridhiki nao, hapo ndipo mkorosho utakapokushukuru. Chora ramani ya shamba lako kwenye karatasi ya daftari la mtoto, uandike kila mahali na zao lake. Ramani hiyo ina faida kuliko mbolea ya mwaka mzima.

UKIISHA KUCHAGUA

Chimba mashimo ya kupandia mapema, mwezi wa Februari au Machi, futi 2 kila upande na futi 2 kwenda chini. Udongo wa juu uuweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, urudishe shimoni, uache ushuke. Mvua za masika zikishika, panda. Ikiwa ni mbegu, zitie majini kwanza. Zinazoelea zitupe, zinazozama ndizo za kupanda. Weka tatu katika kila shimo, kwa kina cha inchi 2, na zikiota ubakize mche mmoja ulio bora. Ikiwa ni mche uliobebeshwa, hakikisha kiungo kinabaki juu ya ardhi. Miche ya namna hiyo huzaa mapema, na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kule Mtwapa kimekuwa kikiishughulikia kwa muda mrefu.

Miaka ya kwanza, kati ya mistari waweza kulima kunde au ufuta, mradi usiufikie mche. Na ukiona majimoto wamejenga viota vyao vya majani juu ya mti, usiwachome. Wanauma, kweli, lakini huwafukuza mbu wa mikorosho wanaonyonya machipukizi.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Kazi yangu ni ya karani, na meza yangu iko karibu na mlango. Kabla ya kumwona Bwana Shamba, mkulima hunieleza mimi kwanza. Haya ni baadhi ya yale niyasikiayo, pamoja na majibu.

"Mikorosho yangu iko kwenye bonde tayari, na ina miaka miwili. Niing'oe?" Chimba shimo la kupimia pembeni yake kwanza. Ikiwa tabu ni maji ya juu tu, huenda mfereji wa kuyatoa ukatosha. Ikiwa ni tabaka gumu karibu, au udongo mweusi mpaka chini, usiendelee kuipalilia kwa ajili ya kuona haya. Anza mingine mahali pazuri, na bonde ulipande pamba.

"Jirani yangu kapanda kila mahali na miti yake yote ni mizuri. Mbona mimi nisumbuke?" Muulize miti hiyo ina umri gani. Mti wa miaka miwili haujafika mahali pa kuulizwa. Na udongo wake si wako, hata kama mpaka ni kigingi kimoja.

"Mimi ni mjane, na sina nguvu za kuchimba futi tano." Mama, huhitaji kuchimba shamba zima. Shimo moja kwenye mwinuko wako, moja kwenye mteremko, moja bondeni. Vijana wa jirani wawili waweza kuyamaliza kwa asubuhi moja, nawe usome mwenyewe, kwa kuwa rangi na ugumu havihitaji shule. Na kama kuna kisima kipya au choo kinachochimbwa karibu, nenda ukatazame ukuta wake bure.

"Nikingoja nione maji ya Mei, si nitapoteza mwaka?" Utangoja mwaka mmoja, ndiyo. Lakini mahali unapopajua kwa hakika, pale kwenye mwinuko wa mchanga, panda mwaka huu. Pale unapopatilia shaka ndipo pa kungoja. Katika mwaka huo panda mahindi au ufuta, utakula nao.

MWISHO

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Kwa mkorosho neno hili ni kipimo cha fedha. Ulipewa shamba kwa namba, na namba haina macho. Macho unayo wewe. Kaskazi ijayo, ardhi ikiwa kavu na kazi zikiwa chache, chimba mashimo yako ya kupimia. Masika yakija, tembea na vijiti vyako. Kisha njoo ofisini na ile karatasi ya ramani, hata kama imechorwa kwa mkono wa mtoto, tuitazame pamoja kabla mche mmoja haujaingia ardhini.